Bernhard Warkentin: Mwenye Kinu wa Halstead

Wengi wetu tumepata kupelekwa kazini katika miji midogo isiyoonekana kwenye ramani ya ukutani. Ukifika mahali kama hapo, swali la kwanza ni hili: watu hawa wanaishi kwa kutegemea nini? Leo nawaletea maisha ya mtu aliyelijibu kwa vitendo.

Bernhard Warkentin alizaliwa mwaka 1847 katika kijiji cha Altonau, Ukraine ya leo, iliyokuwa chini ya Urusi. Baba yake alikuwa mwenye kinu cha unga. Wazazi wake walikuwa Wamenno, Wakristo wasiokubali kushika silaha. Dhehebu hilo si geni kwetu, kwani lilifika Shirati, mkoani Mara, mwaka 1934.

Mfalme wa Urusi alipotangaza kuiondoa ruhusa yao ya kutoingia jeshini, Wamenno walianza kutafuta nchi nyingine. Mwaka 1872 Warkentin, kijana wa miaka 25, alikwenda Marekani kutazama ardhi. Hakurudi kuishi kwao. Aliandika barua nyingi nyumbani akieleza aliyoyaona, na kati ya mwaka 1873 na 1884 Wamenno wapatao 18,000 walihamia Amerika ya Kaskazini. Maelfu walikwenda Kansas.

Yeye alichagua Halstead, mji mchanga kando ya mto Little Arkansas, akajenga kinu. Miaka hiyo haikuwa na raha. Mwaka 1874 nzige waliteketeza mazao ya Kansas, na jua la kiangazi lilikausha mahindi. Wahamiaji walikuja na ngano ngumu ya kwao, inayopandwa kabla ya baridi na kuvunwa kabla ya jua kali. Ilistawi vizuri. Lakini wenye vinu wengi hawakuitaka, kwa kuwa mawe yao yalizoea ngano laini. Mkulima angepata faida gani kwa mavuno asiyoweza kuyauza? Hapo ndipo ulipoonekana umuhimu wa Warkentin, aliyeijua ngano hiyo tangu utotoni. Aliisaga, na baadaye akaagiza mbegu zaidi kutoka Urusi. Sifa si yake peke yake, maana waliolima ni wengi. Lakini bila soko mbegu nzuri huishia ghalani.

Katika miaka ya 1880 alihamia Newton, mji mkubwa zaidi wa jirani, akaendesha kinu kikubwa na kusaidia kuanzisha Chuo cha Bethel. Shule ya Wamenno iliyofunguliwa Halstead mwaka 1883 nayo ilifungwa, na chuo hicho kikashika nafasi yake. Halstead ikapoteza mwenye kinu na shule.

Warkentin alifariki mwaka 1908 katika safari ya Mashariki ya Kati, kwa risasi iliyofyatuka kwa bahati mbaya ndani ya treni. Alikuwa na miaka 60.

Halstead haikufa. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu wakazi 2,179, na Kansas ingali miongoni mwa majimbo yanayoongoza kwa ngano Marekani. Sisi tuliokabidhiwa kazi ya kupanga maendeleo ya vijiji tulikumbuke jambo hilo: tunapogawa mbegu, tuulize pia kinu kiko wapi.