Pasteur aliuokoa mvinyo, ukali ukabaki

Plamsi na matufaa ya Mgeta, katika Milima ya Uluguru mkoani Morogoro, ni matunda ya baridi yenye tindikali ya maliki kwa wingi. Anayeyasindika kuwa mvinyo hulazimika kupambana na ukali wake, na hapo hukutana na kazi ya Mfaransa Louis Pasteur.

Pasteur alizaliwa mwaka 1822 mjini Dole, mtoto wa mtengeneza ngozi, akakulia Arbois, mji wa wakulima wa zabibu. Mwaka 1854 alikwenda Lille kufundisha kemia. Huko mwenye kiwanda cha pombe ya viazisukari alimwomba msaada, kwani pombe yake ilikuwa ikiharibika. Mwaka 1857 Pasteur alieleza kuwa maziwa huchachuka kwa kazi ya vijidudu hai.

Mwaka 1863 Kaisari Napoleon III alimtaka achunguze magonjwa ya mvinyo, yaliyokuwa yakiitia hasara biashara ya Ufaransa. Alikuta mvinyo mbovu umejaa bakteria. Katika kitabu chake cha mwaka 1866 alishauri upashwe moto kwa nyuzi joto 50 hadi 60 ili kuwaua. Njia hiyo ilipewa jina lake, na leo hutumika zaidi viwanda vya maziwa.

Hata hivyo, kwa Pasteur bakteria ndani ya mvinyo walikuwa ugonjwa tu. Mwaka 1891, miaka minne kabla ya kifo chake, Mswisi Hermann Müller-Thurgau alieleza kuwa wapo bakteria wanaopunguza ukali. Hamira ikishamaliza sukari, bakteria hao hugeuza tindikali ya maliki kuwa ya laktiki, ile ya mtindi, iliyo laini zaidi mdomoni, na kutoa hewa ya ukaa.

Kwa msindikaji mdogo, tofauti hiyo ni fedha. Akiwaua bakteria wote mapema, mvinyo hubaki mkali na mnunuzi haurudii. Akiuacha wazi, bakteria wa siki, wanaohitaji hewa, huumaliza. Njia salama ni kujaza chombo hadi juu, kukifunga kwa kizibo kinachotoa gesi bila kuingiza hewa, na kukiweka penye joto la nyuzi 20 hivi. Salfa, au moto wa Pasteur, vije baada ya mvinyo kulainika.