Ramadhani 19: Mchuma majani wa Ishbiliya



Juzi tulikuwa Badri, jana tukashinda na maswali yenu ya fidia na kafara. Leo nawapeleka mbali, Andalusia, kwa mtu ambaye kwetu hatajwi sana kwenye mawaidha, lakini wanaosoma historia ya tiba wanamjua, na wanaosoma historia ya hadithi wanamjua vilevile: Abul-Abbas Ahmad bin Muhammad, maarufu kwa jina la An-Nabati, yaani mtu wa mimea. Wengine walimwita Al-Ashshab, mchuma majani. Ni ndefu kidogo leo, ila mpaka magharibi muda upo.

Alizaliwa Ishbiliya, mji ambao leo unaitwa Sevilla huko Hispania, katika miaka ya 560 ya Hijria. Ni zama za dola ya Muwahidun. Ule mnara mrefu wa msikiti wa Ishbiliya, ambao leo watalii wanaupiga picha ukiwa umevishwa kengele juu, ulikamilika mwaka 1198, yeye akiwa bado kijana. Kilichomlisha ni duka. Alikaa dukani akiuza majani makavu, mizizi na magome, na mteja akikosekana anavuta karatasi anaendelea kunakili vitabu. Yaani mfikirie kama wale wazee wa dawa za asili mnaowajua sokoni, wenye vifurushi vya magome na chupa zisizo na lebo, halafu ongeza kwamba mzee huyo ni hafidh wa hadithi.

Maana hilo ndo la kwanza kulijua juu yake. Alisoma fiqhi ya Maliki kama ilivyokuwa desturi ya watu wa huko, baadaye akahamia njia ya Dhahiri, ile ya Ibn Hazm wa Kordoba, na akaishikilia kwa nguvu hasa. Aliandika kitabu juu ya hadithi za Bukhari zisizopatikana kwa Muslim. Na akashughulika sana na kitabu kikubwa cha Ibn Adi kiitwacho Al-Kamil. Akakifupisha, kisha akakiandikia nyongeza. Al-Kamil ni kitabu cha wapokezi waliotiliwa shaka: huyu alikuwa msahaulifu, yule alichanganya majina, yule mwingine alidai kusikia kwa shekhe ambaye hakuwahi kuonana naye. Mtu anayekaa miaka na kitabu kama hicho anazoea kitu kimoja, kuuliza. Umelipata wapi? Kwa nani? Na yeye kwa nani?

Sasa tuje kwenye majani, na hapa naomba tuende taratibu.

Madaktari wa Kiislamu wa zama zile walitegemea sana kitabu cha Mgiriki mmoja, Dioscorides, aliyeishi karne ya kwanza na kuandika juu ya dawa za mimea, wanyama na madini. Kilitafsiriwa kwa Kiarabu Baghdad katika karne ya 9. Aliyekitafsiri ni Istifan bin Basil, na mkubwa wao Hunain bin Is'haq akakipitia. Tatizo likawa majina. Mmea ambao mfasiri aliujua kwa Kiarabu, aliuandika kwa Kiarabu. Ule asioujua, aliliacha jina la Kigiriki likiwa vilevile, kwa herufi za Kiarabu, akitumai atakuja mtu anayejua. Miaka ikapita. Karne ya 10 mfalme wa Rumi akapeleka Kordoba nakala ya Kigiriki yenye picha, kisha akafika mtawa aitwaye Nicolas kuwasaidia madaktari wa pale kuyatambua majina. Mengi yakatambulika, lakini si yote, na hata yaliyotambulika, mmea unaoitwa hivi Kordoba unaweza kuitwa vingine kabisa Misri.

Msidhani ni jambo dogo. Hapa kwetu tu, mwarobaini kuna sehemu za pwani wanauita mkilifi. Ndulele kwa wengine ni tunguja. Sasa chukua mganga aliyesoma kitabu kilichoandikwa nchi nyingine, na mgonjwa amelala mbele yake, na majani mawili yanayofanana, moja linashusha homa na lingine linasimamisha moyo. Jina likikosewa, hakuna wa kulaumiwa kitabuni. Anayezikwa ni mgonjwa.

An-Nabati aliuendea mmea kama alivyoiendea hadithi. Hakuridhika kwamba imeandikwa. Alitoka, akapanda vilima vinavyoizunguka Ishbiliya, akachuma, akanusa, akaonja panapoonjeka, akalinganisha jani na maelezo ya vitabu. Aliandika kitabu cha kueleza majina ya dawa zilizomo kwa Dioscorides. Na popote alipofika aliwauliza wenyeji: wachungaji, mabedui, watu wa pwani, maana wao ndio wanaoishi na mmea mwaka mzima, kavu na mbichi. Katika maelezo yake yaliyobaki utaona jina la wenyeji, mahali panapoota, umbo la jani, ua, mzizi, ladha. Ukisoma unaona kabisa kwamba huyu aliinama chini.

Kisha ikaja hija.

Alipotoka Andalusia alikuwa mtu mzima wa zaidi ya miaka arobaini, na kwao hali haikuwa nzuri. Mwaka 1212 jeshi la Muwahidun lilikuwa limevunjwa vibaya na majeshi ya wafalme wa Kikristo katika vita ambavyo Waarabu wanaviita Al-Uqab. Yeye akashika njia ya mashariki kupitia Afrika Kaskazini, nia ni Makka, na njiani akifanya kazi zake zote mbili: akiingia mjini anawatafuta masheikh wa hadithi, akitoka nje ya mji anayatafuta majani.

Mwaka 613 Hijria akafika Iskandaria. Aliyetawala Misri ni Sultani Al-Adil, ndugu yake Salahuddin Al-Ayyubi. Sultani alikuwa Kairo, akasikia kwamba bandarini ameshuka Mmaghribi anayejua mimea kuliko watu. Akatuma aletwe. Akampokea kwa heshima, akaamuru apangiwe mshahara, akamtaka abaki naye Misri.

Hebu tulieni hapo. Huyu ni muuza majani. Kwao vita, duka dogo, maisha ya kunakili kwa mkono. Mbele yake yupo mtawala wa Misri na Sham anampa riziki ya uhakika, kwa kazi ileile anayoipenda. Si haramu, na wala hakutakiwa auze dini yake. Wangapi kati yetu tungehitaji hata usiku mmoja wa istikhara?

Alikataa. Alimweleza Sultani kwamba ametoka kwao kwa ajili ya hija, na baada ya hija anarudi kwa watu wake. Basi, hakuna zaidi ya hapo.

Ila hakuondoka mikono mitupu wala hakumwacha mwenyeji wake mikono mitupu, na hapa ndo mimi nilipompenda. Alikaa kwa muda, akakusanya vitu vinavyohitajika kutengeneza tiriyaki kubwa, akaichanganya. Tiriyaki ndiyo iliyokuwa dawa ya heshima kuliko zote zama zile, kinga ya sumu na kuumwa na nyoka, mchanganyiko wa vitu zaidi ya sitini pamoja na nyama ya nyoka wenyewe. Ukikosea kimoja tu katika kuvitambua, umeharibu chote. Kwa hiyo Sultani alipata elimu ya mgeni wake, alichokosa ni kummiliki. Alipomaliza akaendelea na safari ya Hijazi.

Na mchuma majani akiingia Makka anakutana na hukumu ambayo wengi wetu tunaipita tu kwenye vitabu vya fiqhi, kwa sababu haitugusi. Katika Haram mimea inayoota yenyewe haikatwi. Mtume, rehema na amani ziwe juu yake, aliitangaza siku ya Fat'hu Makka: miti yake isikatwe, majani yake yasichumwe, wanyama wake wasitimuliwe. Ami yake Abbas akaomba iachwe idhkhiri, nyasi yenye harufu nzuri ambayo watu waliitumia kwa mafundi wahunzi na majumbani mwao, nayo ikaachwa. Mengine yote, mkono urudi nyuma. Sisi tukifika pale tunatazama Kaaba, saa, na lifti za hoteli. Yeye amevuka bahari na majangwa akiinama kwenye kila kichaka, amefika kwenye ardhi ambayo mimea yake Andalusia waliijua kwa majina tu, na hapohapo ndipo asipochuma. Anaruhusiwa kutazama. Mwenye swaumu aliyekaa jikoni sasa hivi anakaanga sambusa, huku harufu inampanda puani, ataielewa hali hiyo kuliko mimi ninavyoweza kuiandika.

Nje ya mipaka ya Haram ni mambo mengine, na Hijazi ina mengi ya kuchuma. Mswaki unaotokana na mti wa araki, ambao na pwani yetu unaota, upo huko. Sanamaki jina lake lenyewe linakwambia limetoka wapi.

Baada ya hija hakurudi moja kwa moja. Alizunguka Iraki na Sham. Safari yote ya mashariki ilichukua kama miaka miwili. Baghdad na Damascus alikaa mbele ya masheikh akisikiliza hadithi kama mwanafunzi, umri ule, na huku akiandika mimea. Kutoka katika safari hiyo akatunga kitabu, Ar-Rihla. Vitabu vya safari tunavijua, vimejaa miji na wafalme. Hiki kilikuwa cha majani.

Kisha akarudi kama alivyosema. Ishbiliya ileile, duka lilelile. Sultani Al-Adil alifariki mwaka 1218, wapiganaji wa msalaba wakiwa tayari wametua Dimyati, na Misri ikaingia kwenye miaka migumu. Sisemi kwamba An-Nabati aliona mbele. Alikuwa na ahadi na watu wake, ndo hivyo tu.

Kuna kisa cha miaka yake ya mwisho kinachosimuliwa na wanahistoria wa Andalusia. Ibn Hud, aliyekuwa ameshika utawala wa sehemu kubwa ya Andalusia baada ya Muwahidun kudhoofika, alipita mbele ya duka akiwa juu ya farasi, akatoa salamu. An-Nabati akaitikia, akarudi kwenye kunakili kwake. Amiri akasimama akisubiri mzee ainue kichwa. Akasubiri sana. Kalamu inaendelea. Mwisho akampiga farasi wake akaenda zake. Wapo watakaosema ni kiburi cha wanachuoni, na kweli mwingine akifanya hivyo leo nitasema ni kiburi. Lakini salamu aliijibu, ambayo ndiyo haki ya Mwislamu kwa Mwislamu. Zaidi ya hapo amiri alikuwa mpita njia kama wengine, na wala hakuja kununua majani. Mtu huyohuyo kwa wanafunzi alikuwa mwingine kabisa: mwanafunzi akimwomba kitabu, aliweza kumpa nakala ya asili ya thamani, ambayo si rahisi kuipata tena, akaenda nayo moja kwa moja.

Alifariki Ishbiliya mwaka 637 Hijria, sawa na 1239. Kordoba ilikuwa imeshachukuliwa miaka mitatu kabla. Ishbiliya nayo ikachukuliwa mwaka 1248.

Ar-Rihla ikapotea. Mpaka leo haijulikani nakala yake.

Lakini kulikuwa na kijana kutoka Malaga aliyekuwa akitoka naye kuchuma kwenye vile vilima vya Ishbiliya. Jina lake Ibn Al-Baitar, na huyu wengi mnamjua. Karibu mwaka 1220 naye akashika njia ya mashariki, akapita Afrika Kaskazini akichuma mpaka nchi za Rumi, akaishia Misri. Pale Sultani Al-Kamil, mtoto wa yule Al-Adil, akampa kazi, akamfanya mkuu wa wajuzi wa mimea wa Misri. Yeye akakubali. Na wala hakuna aibu, maana ni katika utumishi huo ndo likaandikwa Al-Jami, kamusi ya dawa na vyakula takriban 1400, ambayo madaktari waliishika mikononi kwa karne nyingi. Alipokuwa Damascus alitoka na mwanafunzi wake, daktari Ibn Abi Usaibi'a, wakachuma nje ya mji kama yeye alivyotolewa na mwalimu wake. Na ni huyo Ibn Abi Usaibi'a aliyetuandikia kisa cha mshahara uliokataliwa.

Ibn Al-Baitar alifariki Damascus mwaka 646 Hijria, yaani 1248. Ndani ya Al-Jami, mmea baada ya mmea, aliyoyaona mwalimu kule Barka, Misri na Hijazi yamewekwa kipande kipande. Mwanafunzi angeweza kuyaandika kama yake, nani angejua, kitabu chenyewe kimepotea? Kila kipande amekianza na jina: Abul-Abbas An-Nabati.

Allah awarehemu wote wawili. Swaumu makbul, kesho baada ya alasiri inshaAllah.