John Newton: Rehema Iliyomfundisha Kusema Kweli



Wimbo wa neema ya ajabu tunaujua. Tunauimba kwenye mazishi, kwenye ubatizo na katika mikutano ya injili. Lakini wengi wetu hatujui maisha ya mtu aliyeuandika. Tumeona vema kuyasimulia, kwa sababu ndani yake kuna swali linalotusumbua katika makanisa yetu ya mashariki: mtu aliyewatendea wengine ubaya mkubwa akitubu na kupokea rehema ya Mungu, je, madai ya haki yanakuwa yamekwisha?

John Newton alizaliwa London, Uingereza, mwaka 1725. Baba yake alikuwa nahodha wa meli za biashara. Mama yake, mwanamke mcha Mungu, alimfundisha Maandiko na nyimbo za kanisa angali mdogo, lakini alifariki mtoto akiwa hajatimiza miaka 7. Alipofika miaka 11 alianza kusafiri baharini pamoja na baba yake. Mafundisho ya mama yakafifia. Newton akawa kijana mkaidi, mwenye kinywa cha matusi, akaacha imani na kuwacheka walioamini.

Mwaka 1744 alikamatwa kwa nguvu na kutiwa katika jeshi la majini. Alitoroka, akashikwa, akachapwa viboko mbele ya wenzake. Baadaye alihamia meli iliyokuwa ikienda Afrika ya Magharibi kununua watumwa. Huko, katika nchi ambayo leo ni Sierra Leone, alimtumikia mzungu mmoja mfanyabiashara wa watumwa. Katika nyumba ile alidharauliwa na kuteswa, akakosa chakula na nguo, akaugua sana. Siku hizo watumwa waliofungwa minyororo walimgawia kwa siri sehemu ya chakula chao kidogo. Tulikumbuke jambo hilo. Kabla Newton hajaijua rehema ya Mungu, alionja rehema ya watumwa.

Baba yake alituma watu wamtafute, naye akapata meli ya kumrudisha nyumbani. Mwezi wa 3 mwaka 1748, usiku, dhoruba kali iliipasua meli hiyo katikati ya bahari. Maji yakaingia. Mabaharia wakapiga pampu na kuziba matundu kwa nguo na matandiko. Shehena ya nta na mbao nyepesi ndiyo iliyosaidia meli isizame. Newton alipiga pampu hadi nguvu zikamwishia, kisha akashika usukani kwa saa nyingi. Katika hofu ile alijikuta akimwomba Mungu amhurumie, yeye ambaye kwa miaka mingi alikuwa akilitukana jina lake. Wiki chache baadaye meli ilifika Ireland, chakula kikiwa kimekwisha. Tangu hapo aliiadhimisha siku ile ya dhoruba kila mwaka mpaka uzee wake.

Mara nyingi tukisimulia habari za Newton tunaishia hapo, tunasema haleluya na kuketi. Lakini yaliyofuata ni mazito, na ni lazima tuyasikie.

Baada ya dhoruba ile Newton alirudi kwenye biashara ya watumwa. Kati ya mwaka 1750 na 1754 aliongoza safari 3 akiwa nahodha. Alinunua wanaume, wanawake na watoto katika pwani ya Afrika, akawafunga chini ya meli na kuwapeleka kuuzwa ng'ambo ya bahari. Wengi walikufa njiani. Alipoogopa maasi alitumia vyuma vya kubana vidole ili watu wakiri, hata kwa wavulana. Siku ya Jumapili aliwaongoza mabaharia wake katika ibada. Juu watu waliomba, na chini yao watu walilia kwa minyororo. Wakati huo yeye mwenyewe hakuona kwamba mambo hayo mawili hayapatani.

Aliacha bahari mwaka 1754 kwa sababu ya ugonjwa uliomshika ghafula, wala si kwa sababu dhamiri yake ilimhukumu. Alipata kazi ya forodha katika bandari ya Liverpool, akajifunza Kigiriki na Kiebrania, na mwaka 1764 akawekewa mikono kuwa mchungaji wa Kanisa la Anglikana. Alitumwa Olney, mji mdogo wa watu maskini wasuka nyuzi. Hapo ndipo alipoandika wimbo wa neema kwa ajili ya ibada ya mwaka mpya wa 1773, akieleza sala ya Daudi aliyestaajabu mbele za Mungu kwa jinsi alivyotolewa mbali na kufikishwa pale alipo. Mahubiri yake yaliwagusa wengi, kwa kuwa alinena kama mtu aliyesamehewa mengi. Hata hivyo, juu ya wale aliowauza hakusema neno wazi mbele ya watu.

Tangu mwaka 1780 alichunga kanisa moja katikati ya London. Mwaka 1785 mbunge kijana, William Wilberforce, alimjia kwa siri. Alikuwa ameguswa na Kristo na alifikiri kuacha siasa. Newton alimshauri abaki Bungeni, kwa kuwa Mungu angeweza kumtumia hapo hapo. Wilberforce alibaki, akaanza vita vya kukomesha biashara ya watumwa.

Ndipo mzee naye alipofungua kinywa. Mwaka 1788, miaka 34 baada ya safari yake ya mwisho, alichapisha kitabu kidogo kuhusu biashara ile. Alieleza aliyoyaona na aliyoyafanya: jinsi watu walivyopangwa chini ya meli kwa kubanana, jinsi walivyoteswa, jinsi wanawake walivyoaibishwa. Alikiri kwamba ungamo lake limechelewa na kwamba ataaibika moyoni daima. Kisha akatoa ushuhuda mbele ya baraza la mfalme, na baadaye mbele ya kamati ya Bunge. Wenye meli hawakuweza kumwita mwongo, kwa sababu alikuwa mmoja wao.

Sheria ya Uingereza ya kukomesha biashara hiyo ilipitishwa mwezi wa 3 mwaka 1807. Newton, akiwa karibu kuwa kipofu na mwenye miaka 82, alifariki mwezi wa 12 mwaka uleule.

Ndugu zetu, sisi si wageni wa habari hizi. Katika Maniema, Nyangwe na Kasongo ziliona misafara ya watumwa katika miaka ya 1800. Na katika siku zetu tumezika watu wetu na kuona vijiji vikichomwa. Leo wanatoka msituni watu waliobeba silaha, wanatubu, wanabatizwa. Tunafurahi, maana Kristo alikufa kwa ajili yao pia. Lakini mjane ameketi kwenye benchi la nyuma. Mara nyingine tunamwambia asamehe na anyamaze, huku tukimpa kipaza sauti aliyemtendea ili ashuhudie jinsi alivyookoka.

Maisha ya Newton yanatuonya. Msalabani Mungu hakufumba macho juu ya dhambi. Aliihukumu, naye Mwanawe akaibeba hukumu hiyo. Kwa hiyo aliyesamehewa hana sababu ya kuficha. Hukumu ya milele haipo tena juu yake, basi anaweza kusema kweli yote, hata ile inayomwaibisha, na kusimama upande wa aliowaumiza. Zakayo alielewa hayo siku ileile Yesu alipoingia nyumbani mwake, akaahidi kurudisha mara nne. Newton alichelewa miaka mingi, na katika miaka hiyo meli ziliendelea kujaa. Wale aliowauza hawakurudi kwao. Kilio chao kiko mbele za Mungu, ambaye hasahau.

Tusimzuie mtu yeyote kuja kwenye rehema. Na akiisha kuja, tusimwache aketi kimya juu ya deni lake. Tumsaidie kuungama, kurudisha anachoweza kurudisha, na kusema mahali miili ilipozikwa kama anajua. Mjane naye tumpe nafasi ya kusema, tumsikilize bila kumharakisha.

Bwana atupe makanisa ambamo rehema na haki vinaketi pamoja. Amina.