Seyyid Barghash na Wakubwa Waliopatana

Vijana wa Kibera na Kawangware hunitania kwamba sisi watu wa pwani ni wageni huku bara. Mimi huwakumbusha Seyyid Barghash bin Said wa Unguja. Kabla Nairobi haijazaliwa, yeye akidai kuwa nchi zote hizi ni zake, mpaka maziwani. Ingawa kusema kweli, huko bara ilifika misafara yake zaidi kuliko amri zake.

Mwaka 1859 alitaka kumpindua nduguye, Seyyid Majid, na dada yao, Seyyida Salme, ndiye aliyemwandikia barua za siri. Akashindwa, akahamishiwa Bombay. Alikalia kiti mwaka 1870. Ndiye aliyejenga Beit al-Ajaib na kuwaletea watu wa mji maji matamu ya Chemchem.

Mwaka 1873 Waingereza walimtisha kwa manowari, akafunga soko la watumwa. Tangu hapo alimtegemea balozi wao, John Kirk, akiamini kwamba Mwingereza hatamwachia mtu mwingine nchi ile.

Mwaka 1885 Wajerumani wakadai Usagara kwa hati za Carl Peters. Barghash akapinga. Mwezi Agosti manowari zao zikatia nanga mbele ya jumba lake, na Salme yule yule amekuja nao! Akamgeukia Kirk. Lakini Kirk alikwisha agizwa na London amshauri akubali. Uingereza ilikuwa na taabu zake Misri, na Mrusi alikuwa akiisogelea Afghanistan. Ilimhitaji Bismarck kuliko Sultani.

Walipopatana wale wawili, Barghash hakuwa na wa kumshindanisha na mwenziwe. Mwaka 1886 tume ya Waingereza, Wajerumani na Wafaransa ikaipima pwani yake, yeye hana sauti. Akaachiwa visiwa, ukanda wa maili 10 na bandari chache za Banadir. Nyuma ya ukanda, kusini kwa Mjerumani, kaskazini kwa Mwingereza. Huko ndiko zilikoangukia Kibera na Kawangware. Mwezi Desemba akaridhia.

Mwaka 1887 akawakodisha Waingereza wa Mackinnon ukanda wa kaskazini. Wako wanaomlaumu. Mimi naona alipata kodi ya kitu ambacho hangeweza tena kukilinda. Alifariki Machi 1888, Mungu amrehemu. Ukanda wa Kenya ulibaki wa Sultani, kwa jina tu, hadi Desemba 1963.