Johannes Kepler na Njia ya Mirihi

Mwaka 1577, katika nchi ya Ujerumani, mama mmoja jina lake Katharina alimpeleka mwanawe mahali palipoinuka usiku, amwonyeshe nyota yenye mkia. Mtoto huyo alikuwa Johannes Kepler, aliyezaliwa mwaka 1571. Ndui ilikuwa imemwachia macho dhaifu.

Alisoma Tübingen, karibu na kijiji alikozaliwa baadaye Krapf, mmisionari aliyefika Mombasa mwaka 1844. Alitaka kuwa mchungaji, lakini mwaka 1594 alipelekwa Graz kufundisha hesabu. Mwaka 1600 akaenda Prague kwa Tycho Brahe, mtu aliyepima mahali pa nyota kwa macho matupu miaka mingi. Tycho alipokufa mwaka 1601, vipimo vyake vikabaki mikononi mwa Kepler.

Siku zile wataalamu waliamini ya kwamba sayari hufuata njia za duara kamili. Kepler naye aliamini vivyo hivyo. Akaipigia hesabu Mirihi, ile nyota nyekundu ionekanayo hata Singida, akapata duara iliyokaribia mno kuwa sawa. Ila Mirihi ilikosekana pale ilipotazamiwa, kwa kadiri ya robo ya upana wa mwezi mpevu. Mwingine angaliridhika. Yeye alijua kwamba Tycho hakukosea kiasi hicho, basi akaitupa kazi yake, akaanza tena.

Mbuzi aliyefungwa kamba kwenye kigingi kimoja hula majani katika duara. Lakini simika vigingi viwili, vizungushie kamba iliyofungwa ncha zake, kisha ikaze kwa kijiti na kukizungusha: kitachora duara iliyorefuka. Ndiyo njia ya Mirihi. Jua lipo penye kigingi kimoja; penye cha pili hapana kitu. Tena sayari huenda mbio zaidi ikaribiapo jua. Dunia yetu hufanya hivyo mwezi wa Januari. Hayo aliyachapisha mwaka 1609.

Mwaka 1615 jirani alimshitaki Katharina kwa uchawi, akisema alinyweshwa kitu akaugua. Mwaka 1620 mama huyo, aliyepita miaka 70, alitiwa minyororoni. Kepler akaacha kazi zake Linz, akaenda kumtetea, akachunguza kila shitaka kama alivyochunguza vipimo vya Mirihi, akaonyesha magonjwa yale yalivyotokea bila uchawi. Baada ya miezi 14 kifungoni, mama alifunguliwa mwaka 1621. Akafa mwaka uliofuata.

Kepler alifariki Regensburg mwaka 1630, na kaburi lake likapotea katika vita.