Mackay na Uwanja wa Usambiro

Mtu akitaja shule, sisi huona mara moja madarasa, kengele na mwalimu mwenye chaki mkononi. Safari hii tunataka kuwakumbusha habari za shule ya namna nyingine. Ilikuwa Usambiro, kusini mwa Ziwa Viktoria, katika nchi iliyo kati ya Geita na Shinyanga, nayo ilidumu miaka michache tu. Mwalimu wake alikuwa Bwana Alexander Mackay. Watu wamezoea kumwita Mackay wa Uganda, na ni haki, lakini miaka yake ya mwisho aliishi huku kwetu, na huku ndiko alikofia.

Alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1849 katika kijiji cha Rhynie, Scotland. Baba yake alikuwa mchungaji, akamfundisha mwenyewe nyumbani, akitumaini kwamba mtoto naye atakuwa mchungaji. Lakini kijana alivutwa na mashine na kazi za wahunzi. Akasomea ualimu huko Edinburgh, kisha uhandisi, na mwaka 1873 akaenda Berlin kufanya kazi ya kuchora michoro ya mitambo. Hakupata kuwekewa mikono awe kasisi mpaka kufa kwake. Tunalitaja hili makusudi, kwa sababu hata leo wako Wakristo wanaodhani kwamba kazi ya Injili ni ya wenye kanzu peke yao.

Mwaka 1875 barua ya Stanley ilichapishwa katika gazeti la Uingereza, ikiomba walimu kwa ajili ya Buganda. Mackay akajitoa kwa chama cha C.M.S., na mwezi wa Mei 1876 akafika Unguja. Mwaka uliofuata alikata barabara ya magari ya ng'ombe kutoka Saadani hadi Mpwapwa, yapata kilomita 370. Mwaka 1878 alifika ziwani, hapo Kagei, akapata habari kwamba wenzake wawili, Bwana Smith na Bwana O'Neill, wamekwisha kuuawa Ukerewe. Mashua yao alikuta imeharibika. Akaitengeneza mwenyewe, na mwezi wa Novemba akafika kwa Kabaka Mutesa.

Habari za Buganda zinajulikana, hatutazirudia zote. Alifundisha kusoma, alichonga herufi na kupiga chapa maneno ya Injili kwa Kiganda. Mutesa alipokufa, mwanawe Mwanga akawatilia shaka wasomaji. Mwezi wa Januari 1885 vijana watatu wa misheni walichomwa moto: Kakumba, Lugalama na Serwanga. Mwaka huo huo Askofu Hannington akauawa Busoga. Mackay alivumilia hapo mpaka Julai 1887, ndipo alipolazimika kuondoka, akavuka ziwa kuja kusini.

Alipofika Usambiro, katika nchi ya Mtemi Makolo, hakukaa kitako kungoja siku ya kurudi Buganda. Alianza kujenga. Stanley, aliyepita hapo na Emin Pasha mwaka 1889 wakielekea pwani, aliukuta uwanja uliojaa kazi. Palikuwa na karakana kubwa yenye zana za kila namna, na wahunzi wakitengeneza boila ya mashua ya mvuke. Mtumbwi mkubwa ulikuwa nje ukirekebishwa. Palikuwa na mashimo ya kupasulia mbao, magogo ya mti mgumu, zizi la ng'ombe, banda la mbuzi na kuku wengi. Chumba chake cha kusomea kilikuwa na vitabu ukutani. Na humo uwanjani walikuwamo vijana, wakubwa kwa wadogo, wenye afya na nyuso za furaha.

Uwanja huo ndio uliokuwa shule. Ubao, chuma, kalamu na mtambo wa chapa vilikuwa mahali pamoja, na kijana alijifunza kusoma kwa mtu yule yule aliyemfundisha kushika msumeno. Wala tusidhani kwamba ufundi wa chuma uliletwa nchi hii na Mzungu. Majembe ya Warongo wa Uzinza yaliuzwa mbali tangu zamani, na kijana wa huku aliijua mivukuto kabla Mackay hajazaliwa. Tunaona kwamba jambo jipya alilolileta ni kuweka kitabu karibu na tanuru, asiwepo wa kumwambia fundi kwamba kusoma si kwake.

Haikuwa kazi ya raha. Mwezi wa Machi 1888 Askofu Parker alifariki hapo hapo Usambiro, akazikwa. Mwaka huo huo wamisionari waliobaki Buganda walifukuzwa, nao wakaja Usambiro, na Wakristo Waganda waliokimbia wakapata hapo mahali pa kupumzika. Tena Mackay hakuwa malaika. Alikuwa mkali wa maneno, na mabishano yake na mapadre Wafaransa kule Buganda hayakuwasaidia wasomaji wa upande wowote. Twaona afadhali kulisema hili kuliko kulificha.

Stanley alimsihi afuatane naye kwenda Ulaya apumzike. Alikuwa amekaa Afrika zaidi ya miaka 13 bila kurudi kwao hata mara moja. Alikataa. Mashua ilikuwa haijaisha, na tafsiri ya Injili ya Yohana kwa Kiganda ilikuwa bado mikononi mwake.

Alikuwa amefikia sura ya 14 ya Injili hiyo aliposhikwa na homa ya malaria, mwezi wa Februari 1890. Mwenzake, Bwana Deekes, ambaye naye alikuwa mgonjwa, alimwuguza siku hizo chache. Tarehe 8 alifariki, akiwa na umri wa miaka 40. Jeneza lake lilitengenezwa kwa mbao zilizokatwa kwa ajili ya mashua ile. Siku ya pili yake, Jumapili, Wakristo Waganda na vijana wa kijiji walisimama kaburini, wakaimba kwa Kiganda.

Bila yeye uwanja haukudumu. Kazi ya C.M.S. upande huu ilihamia Nassa, na mwaka 1909 Nassa nayo ikakabidhiwa misheni ya Africa Inland. Ndiyo sababu wazee wengi wa pande zile walibatizwa katika kanisa lile wala si katika letu, na Dayosisi yetu ya Victoria Nyanza haikuundwa mpaka mwaka 1963. Nchi yenyewe siku hizi inatajwa zaidi kwa dhahabu ya Geita na almasi ya Mwadui.

Mwaka 1927 mifupa ya Mackay ilifukuliwa, ikachukuliwa Namirembe, ikazikwa upya karibu na kanisa kuu. Natete, pale alipokaa zamani, ipo shule yenye jina lake.