A. E. Housman: miaka 11 baada ya kuanguka

Wanafunzi wa Kiingereza katika kitivo chetu wanamfahamu A. E. Housman kama mshairi wa kitabu kimoja chembamba, A Shropshire Lad, kilichotoka mwaka 1896. Waliosoma Kilatini wanamfahamu kama mhakiki matini aliyeogopwa kuliko wote katika Uingereza ya wakati wake. Kuna jambo ambalo makundi yote mawili hulipitia haraka: mtu huyu aliondoka chuo kikuu akiwa ameanguka mtihani wa mwisho. Nataka nikae kwenye jambo hilo. Kila mwaka matokeo yakibandikwa ukutani, kuna wenzetu ambao hatuwaoni tena, nasi tunawataja kwa sauti ya chini kama vile tumetoka kuwazika.

Housman alizaliwa tarehe 26 Machi 1859 karibu na Bromsgrove, mji mdogo wa jimbo la Worcestershire, mtoto wa kwanza kati ya saba. Baba yake alikuwa mwanasheria ambaye mambo yake ya fedha yalizidi kuharibika mwaka hadi mwaka. Mama yake alifariki siku ile ile Alfred alipotimiza miaka 12. Basi alipopata msaada wa masomo wa kuingia St John's College, Oxford, mwaka 1877, hakwenda peke yake: alibeba matumaini ya nyumba nzima. Hapa kwetu hakuna haja ya kueleza maana yake. Mzaliwa wa kwanza akiingia chuo kikuu, wadogo zake huanza kuhesabu miaka kabla yeye hajaihesabu.

Masomo ya Kilatini na Kigiriki pale Oxford yaligawanyika sehemu mbili. Ya kwanza ilihusu lugha na fasihi, na mwaka 1879 Housman aliipita kwa daraja la kwanza. Sehemu ya pili ilikuwa ya historia ya kale na falsafa, nayo ndiyo iliyoamua digrii. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Tangu mwanzo aliona kwamba walimu wake hawakujali neno lenyewe lilivyoandikwa. Walijali mawazo makubwa tu. Akaacha kuwafuata. Saa zake alizitoa kwa Propertius, mshairi wa Kirumi wa karne ya kwanza kabla ya Kristo, ambaye mashairi yake yametufikia katika miswada iliyojaa makosa ya wanakili.

Kazi hii inahitaji maelezo kidogo, maana bila kuielewa mtu anaweza kudhani kijana alikuwa anacheza. Wanafunzi wa Kiswahili miongoni mwetu waliowahi kutazama utenzi wa zamani ulioandikwa kwa herufi za Kiarabu wanajua taabu yenyewe. Katika mwandiko ule wa zamani, irabu e na i zinaandikwa kwa alama moja, na herufi ya b hubeba pia p. Neno moja laweza kusomwa penda, au pinda, au binda, na msomaji lazima aamue kwa kuangalia maana, mizani na mazoea ya mshairi. Sasa chukua shairi la Kilatini lililonakiliwa kwa mkono kwa zaidi ya miaka elfu moja na watu waliochoka, wengine wasioelewa walichoandika. Kila mmoja aliacha makosa yake, na aliyemfuata aliyarithi au akayasahihisha vibaya. Kurudi nyuma hadi kwenye neno ambalo huenda mshairi aliliandika, hiyo ndiyo kazi Housman aliyoipenda akiwa na miaka 20.

Lakini mtihani wa mwaka 1881 haukumuuliza habari za Propertius. Ulimuuliza falsafa na historia, na kwenye baadhi ya karatasi hakuandika karibu chochote. Watahini hawakumpa daraja la pili, wala la tatu, wala la nne. Walimwangusha kabisa. Rafiki zake wawili aliokaa nao nyumba moja mwaka wa mwisho, Alfred Pollard na Moses Jackson, walipata daraja la kwanza, Pollard katika mtihani uleule wa historia ya kale na falsafa, Jackson kwa sayansi.

Waandishi wa maisha yake wametoa sababu nyingi. Baba yake aliugua sana siku chache kabla ya mtihani. Tena alimpenda Jackson kwa mapenzi ambayo Jackson hakuweza kuyarudisha, na jambo hilo lilimwumiza maisha yake yote. Zote ni sababu za kweli, sizipingi. Lakini siafiki simulizi linalopendwa sana, kwamba watahini walikuwa vipofu mbele ya mtu mwenye kipaji. Mtahini husahihisha karatasi iliyo mezani, na karatasi nyeupe ina alama zake. Housman alichagua nusu ya programu akaidharau nusu nyingine, na chuo kikimpima kwa nusu aliyoidharau hakikumdhulumu. Nasema hivi kwa sababu wapo kati yetu wanaojifariji kwa majina ya wakubwa waliowahi kuanguka, kana kwamba kuanguka kwenyewe ni dalili ya ukubwa.

Kilichofuata ndicho chenye mafundisho, nacho hakina uzuri wowote wa kusimulia. Alirudi nyumbani Bromsgrove, kwenye nyumba yenye baba mgonjwa, fedha haba, na wadogo waliokuwa wamemtegemea. Alinyamaza. Mkuu wa shule yake ya zamani alimpa vipindi vichache vya kufundisha darasa la juu. Wakati huohuo alirudi Oxford kwa muhula mmoja kukamilisha masharti, akafanya mtihani wa digrii ya kawaida, ile isiyo na daraja la heshima. Sisi tungesema alipita sesioni ya pili kwa alama za kumtosha tu kutoka mlangoni. Kwa digrii ya namna hiyo hakuna chuo ambacho kingemwajiri kufundisha Kilatini. Akafanya mtihani wa utumishi wa serikali, na mwishoni mwa mwaka 1882 akaanza kazi London katika ofisi inayosajili uvumbuzi na alama za biashara.

Alikaa huko karibu miaka 10. Kazi yake ilikuwa kushughulikia alama ambazo wafanyabiashara walitaka kuzisajili. Nikiwaza juu ya hilo huona kichekesho kidogo: mchana analinganisha alama mbili kuona kama zinafanana mno, usiku analinganisha miswada miwili kuona imetofautiana wapi. Sidhani kama yeye alicheka. Jackson naye alikuwa akifanya kazi ofisi hiyo hiyo, wakakaa nyumba moja kwa muda pamoja na mdogo wake Jackson. Kisha Housman akahama kuishi peke yake. Mwaka 1887 Jackson akaenda Karachi kuongoza chuo.

Jioni, baada ya kazi, Housman alikwenda kwenye chumba cha kusomea cha British Museum. Hakuwa na profesa wa kumwongoza, wala cheo, wala wanafunzi, wala mtu wa kumwuliza amefikia wapi. Makala yake ya kwanza, juu ya Horatius, ilikuwa imetoka mwaka 1882, mwaka mmoja tu baada ya aibu ya Oxford. Kisha zikafuata nyingine, juu ya Propertius, Ovidius, na hata watungaji wa Kigiriki kama Aiskhulos na Euripides. Zilichapishwa katika majarida ambayo wataalamu wa Ulaya waliyasoma, kama Journal of Philology na baadaye Classical Review. Makala hizo hazikubeba jina la chuo chini ya jina la mwandishi. Zilikuwa na hoja tu. Msomaji wa Leipzig au wa Dublin hakuona matokeo ya mwaka 1881. Aliona kwamba mstari fulani uliowasumbua wataalamu sasa ulikuwa umeeleweka.

Hapa ndipo ninapoona jambo ambalo simulizi za kawaida hazilisemi. Housman hakurudia mtihani aliouanguka. Hakwenda kuwaomba watahini wamfikirie upya, wala hakutafuta chuo kingine chenye mlango mwepesi. Lakini pia hakuendelea vilevile kama alivyokuwa mwanafunzi. Yule mwanafunzi wa Oxford alisoma alichokipenda na kuacha mengine. Karani wa London alifanya kazi iliyomchosha siku nzima, na jioni akaandika kwa ukamilifu ambao hauvumilii pengo hata moja. Karatasi nyeupe za mwaka 1881 hazionekani tena popote katika maandishi yake. Huwezi kupata makala yake ambamo aliruka swali gumu.

Mwaka 1892 profesa aliyekuwa akifundisha Kilatini na Kigiriki katika University College London alifariki, na chuo kikatangaza nafasi. Housman alikuwa na miaka 33. Barua yake ya kuomba kazi ingali ikisomwa hadi leo, na wanaoisoma hushtushwa na sentensi moja. Baada ya kutaja msaada wa masomo na daraja la kwanza la 1879, alieleza waziwazi kwamba mwaka 1881 alishindwa kupata heshima katika mtihani wa mwisho. Hakutaja ugonjwa wa baba, hakutaja sababu yoyote. Tukio, mwaka, basi. Kisha akaorodhesha makala zake na kuambatisha barua 17 za wataalamu waliomshuhudia, kutoka Oxford, Cambridge, Dublin, Ujerumani na Marekani. Kati ya waliomwandikia alikuwamo Henry Nettleship, profesa wa Kilatini wa Oxford ileile iliyomwangusha.

Ningependa kila anayeandika barua ya kuomba kazi katika kitivo chetu aisome ile barua kabla hajaanza yake. Sisi tuna ustadi wa kuficha: mwaka uliorudiwa unageuka kuwa mwaka wa utafiti, na chuo tulichokiacha hakitajwi. Housman aliweka shimo lake mahali ambapo kamati ingeliona kabla ya kulitafuta, na mara baada yake akaweka miaka 10 ya kazi. Kamati ikampa yeye kiti cha Kilatini. Tarehe 3 Oktoba 1892 alitoa hotuba ya kufungua mwaka mbele ya chuo kizima.

Sina haja ya kukaa sana kwenye miaka ya mafanikio. Alifundisha London hadi 1911, kisha akaitwa Cambridge kushika kiti cha Kilatini, akawa mwanachama wa Trinity College. Kazi yake kubwa ni Manilius, mshairi wa karne ya kwanza aliyeandika vitabu vitano juu ya nyota. Hakuna aliyempenda sana Manilius, na Housman mwenyewe hakumhesabu miongoni mwa washairi wakubwa. Alimchagua kwa sababu matini yake ilikuwa ngumu. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1903, cha mwisho mwaka 1930, na uchapishaji aliulipia kwa fedha zake. Kile cha kwanza alikitabarukia kwa Moses Jackson, kwa shairi la Kilatini, lugha ambayo Jackson mwanasayansi hakuizoea.

Jambo moja silipendi katika maisha yake, na sitalifunika. Mtu aliyewahi kuanguka tungemtarajia awe mpole kwa waliojikwaa. Hakuwa hivyo. Pale London wanafunzi, hasa wasichana, walitoka darasani wakilia kwa sababu ya maneno yake, na wiki iliyofuata hakukumbuka hata sura zao. Dibaji za vitabu vyake zinawatukana wahariri wenzake kwa ufasaha ambao bado unawachekesha wasomaji. Mimi hucheka pia, kisha namkumbuka mhariri mmoja mdogo wa Ujerumani au wa Ufaransa anayesoma jina lake pale. Labda yule karani wa London alijizoeza kutojisamehe kosa lolote, na mazoea hayo yakawapata na wengine. Walimu wetu wa namna hiyo tunawajua.

Heshima za serikali alizikataa. Mwaka 1929 alikataa Order of Merit, mojawapo ya nishani kubwa kabisa za Uingereza, na digrii za heshima za vyuo mbalimbali alizikataa vilevile. Alikubali moja: St John's College, Oxford, walipomchagua kuwa mwanachama wao wa heshima.

Alifariki Cambridge tarehe 30 Aprili 1936, akiwa na miaka 77, na alikuwa ameendelea kufundisha hadi mwezi huohuo. Aliacha Manilius mzima, Juvenalis wa mwaka 1905 na Lucanus wa mwaka 1926. Propertius, yule aliyemgharimu mtihani wa Oxford, alimwandikia makala nyingi na kumwandalia matini nzima akiwa bado kijana, na mchapishaji aliyepelekewa kazi hiyo aliikataa. Kitabu hicho hakikutoka kamwe.